Maisha ya Olof Aschberg, Mswidi Aliyefungua Benki Moscow

Muhula uliopita nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa duka la wanafunzi, lile linalouza sabuni, kalamu na sukari nyuma ya bwalo. Ukiitazama kazi hii kwa mbali utadhani ni nyepesi, lakini hazikupita wiki tatu nikauona ubaya wake. Wenzangu waliokopa walianza kunong'onezana kwamba mimi ni mtu wa walimu, ati napeleka majina yao ofisini. Wakati huo huo mwalimu mmoja aliniita akaniambia kuwa ananishuku nawafichia wadeni. Basi nikakosa raha huku na huku. Siku moja nilimweleza mwalimu wetu wa Historia mambo haya. Hakunipa pole hata kidogo. Alicheka, akanipa kitabu kikuukuu, akaniamuru nisome habari za mtu mmoja wa Stockholm aliyeitwa Olof Aschberg, kisha niziandike kwa ajili ya gazeti letu. Nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yamkini wasomaji wengi hamjapata kulisikia jina hili. Kwao Uswidi ni jina mashuhuri, na katika habari za fedha za karne iliyopita halikwepeki, kwa sababu Bwana Aschberg ndiye mgeni aliyeongoza benki ya kwanza ya biashara ya nchi za nje katika Urusi ya Wakomunisti. Mgeni, tena tajiri, tena mwenye benki, akaketi Moscow miongoni mwa watu waliokuwa wameapa kuwafuta matajiri wote na mabenki yao yote. Jambo hilo ndilo lililonifanya nisiweke kitabu chini.

Alizaliwa Stockholm tarehe 22 Julai 1877. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi, nao waliishi upande wa kusini wa mji, katika mtaa uitwao Glasbruksgatan, wala haukuwa mtaa wa watu wenye mali. Alipokuwa mzee aliandika kitabu cha maisha yake, na katika jina la kitabu hicho alijiita Myahudi mtangatangaji wa mtaa ule. Kwa hiyo mtaa aliuacha, lakini hakuusahau.

Habari za ujana wake nitazipita upesi, maana ni habari za biashara kama za vijana wengine wa mji ule. Jambo la kwanza kubwa ni la mwaka 1912. Katika mwaka huo alianzisha benki iliyoitwa Nya Banken, maana yake Benki Mpya. Upya wake haukuwa wa jina tu. Mabenki ya zamani ya Stockholm yalikuwa ya wenye viwanda na wenye mashamba makubwa. Aschberg alifungua mlango kwa vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika, akaweka fedha zao na kuwakopesha. Alifahamiana sana na viongozi wa Wasoshalisti wa nchi yake, hasa Hjalmar Branting, ambaye mwaka 1920 alipata kuwa waziri mkuu. Nafikiri hapa ndipo palipoanza sifa yake mbaya kwa matajiri wenzake. Wao walimwona kuwa ni mwenye benki anayekula na maadui wa mabenki.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uswidi haikuingia. Ilikaa katikati, Ujerumani upande wa kusini na Urusi upande wa mashariki, ikafanya biashara na wote. Aschberg naye akafanya vivyo hivyo. Urusi ilikuwa ikitawaliwa na mfalme wao, Tsar, nayo ilihitaji fedha nyingi kwa ajili ya silaha. Mwaka 1916 Aschberg alikwenda New York kwa niaba ya wizara ya fedha ya Urusi, akasaidia kupatana na National City Bank na wenzake juu ya mkopo wa dola milioni 50. Tafadhali msomaji uukumbuke mkopo huu, kwa maana tutarudi kwake.

National City Bank iliipenda Urusi hata ikafungua tawi lake katika mji wa Petrograd mnamo Januari 1917. Walichagua mwaka mbaya kuliko yote. Mwezi wa Machi Tsar aliondolewa. Mwezi wa Novemba Wabolshevik wa Lenin walitwaa serikali. Mwezi wa Desemba walitoa amri ya kuyafanya mabenki yote ya watu binafsi kuwa mali ya serikali, na tawi lile la Wamarekani likapotea pamoja na mengine. Halafu mapema mwaka 1918 ilitoka amri nyingine, nzito zaidi: madeni yote ambayo serikali ya Tsar ilikopa nchi za nje yamefutwa, hayatalipwa. Dola milioni 50 za mwaka 1916 zilikuwa humo. Kadhalika zilikuwamo fedha za maelfu ya Wafaransa wa kawaida, wakulima na wajane, walionunua hati za mikopo ya Urusi kama akiba ya uzee.

Amri hii ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mtu asiyelipa deni la jana hapewi kesho hata kibiriti kwa mkopo. Jambo hili hata katika duka letu twalijua. Kwa miaka iliyofuata mwenye benki wa London, Paris au New York aliposikia jina la serikali ya Moscow alifunga daftari.

Aschberg mwenyewe alipatwa na balaa ya namna nyingine. Kwa kuwa alikuwa amefanya biashara na Wajerumani na Warusi pia, serikali za Uingereza, Ufaransa na wenzao zilimtilia shaka, na mwaka 1918 waliiandika Nya Banken katika orodha yao ya maadui, yaani mtu yeyote wa nchi zao asifanye biashara nayo. Benki ikiandikwa hivyo imekwisha. Ilimbidi aiachie, akaendelea na kampuni yenye jina lingine. Alikuwa na umri wa miaka 41, na watu wa pande zote mbili za vita walikuwa wamekwisha kumwita mtu wa upande wa pili. Niliposoma hapo nilielewa kwa nini mwalimu alicheka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi silipendi, lakini mwenye kuandika maisha ya mtu haifai achague mazuri peke yake. Wabolshevik walikuwa na dhahabu ya hazina ya Tsar, lakini walikosa wa kuinunua. Mataifa makubwa yaliikataa yakisema kwamba dhahabu hii ni ya wadai. Walakini watu wa Moscow walihitaji vitu vya nje upesi: injini za reli, dawa, viatu vya askari. Basi dhahabu ikasafirishwa kwa meli mpaka Stockholm. Huko ikayeyushwa na kupigwa muhuri wa Uswidi, ikauzwa nje, hasa Marekani, kama dhahabu ya Kiswidi. Aschberg alikuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo. Fikirini: Wamarekani waliokopesha dola milioni 50 kwa msaada wake hawakulipwa, na mtu yule yule sasa anawauzia Wamarekani dhahabu ya mdaiwa wao, imevishwa kanzu nyingine. Labda alijiambia kwamba watu wa Urusi wanakufa njaa na dhahabu hailiwi. Labda aliitazama faida yake. Mimi nadhani yote mawili yalikuwamo.

Njaa ilikuwa kweli. Katika miaka ya 1921 na 1922, kandokando ya mto Volga, watu wapatao milioni tano walikufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe na unyang'anyi wa nafaka vilikuwa vimeharibu mashamba, kisha mvua ikakosekana. Huko Berlin Mjerumani mmoja Mkomunisti, Willi Münzenberg, alianzisha chama cha msaada wa wafanyakazi wa dunia kwa Urusi, na Aschberg alimsaidia katika mambo ya fedha. Urafiki wao ulidumu miaka mingi.

Mwaka 1921 Lenin alirudi nyuma hatua moja. Alitangaza Sera Mpya ya Uchumi: mkulima aliruhusiwa kuuza nafaka yake baada ya kulipa kodi, na wachuuzi wakaruhusiwa kufungua maduka. Fedha zenyewe hata hivyo zilikuwa takataka. Noti zilichapwa mchana na usiku hata mwaka 1922 serikali ikatoa noti mpya ambazo ruble moja yake ilikuwa sawa na ruble 10,000 za zamani, na mwaka uliofuata ikafuta tena sifuri nyingine mbili. Msimamizi wa fedha, Grigory Sokolnikov, alikuwa Mbolshevik hodari aliyejua ya kuwa hotuba haziwezi kuishibisha hazina. Mwishoni mwa 1922 yeye na Benki ya Serikali walitoa noti ya namna nyingine iitwayo chervonets, yenye thamani ya ruble 10 za dhahabu. Hii ilisimama imara. Ilibaki kutafuta njia ya kufanya biashara na mataifa.

Hapa nitaeleza kidogo, maana wenzangu wa kidato cha pili waliniuliza benki ina kazi gani katika biashara ya mbao. Kazi yake ni hii. Shirika la Urusi lina mbao bandarini, na mnunuzi yuko Uingereza. Mnunuzi hataki kulipa mpaka mbao zifike. Mwuzaji hataki kupakia mpaka alipwe. Kati yao huingia benki. Huandika hundi na barua ya dhamana, ikiahidi kwamba fedha zitalipwa tarehe fulani, na kwa karatasi hiyo meli hung'oa nanga. Karatasi yenyewe haina thamani zaidi ya jina lililoandikwa chini yake. Sasa jina la Benki ya Serikali ya Moscow nani angelikubali, baada ya ile amri ya madeni? Ilitakiwa benki yenye jina la mtu anayefahamika Stockholm, Berlin na New York, mtu ambaye, hata kama hawampendi, wanajua kwamba hundi zake hulipwa.

Kwa sababu hiyo, katika majira ya baridi ya mwaka 1922, ikaanzishwa Moscow Benki ya Biashara ya Urusi, kwa kifupi Roskombank, yenye mtaji wa ruble milioni 10 za dhahabu, sawa na dola milioni tano hivi. Hisa ziliandikwa kwa watu wa nje, na mkuu wake akawa Olof Aschberg. Idara ya nchi za nje ilipewa Max May, Mmarekani aliyetoka katika Guaranty Trust Company ya New York. Hivyo miaka mitano baada ya mabenki yote kutwaliwa, benki yenye wageni juu yake ikafungua milango katika mji mkuu wa Wakomunisti.

Jaribuni kuwaza hali ya mtu huyu. Kila asubuhi anakuja kazini katika mji ambamo neno mwenye benki ni tusi, na magazeti huchora picha za mwenye benki kama mtu mwenye tumbo kubwa na kofia ndefu. Polisi wa siri wana haki ya kukamata mtu kwa biashara ya fedha. Sheria yasema kuwa biashara yote ya nje ni ya serikali peke yake. Katika mwezi wa Oktoba 1922 baadhi ya wakubwa walitaka sheria hiyo ilegezwe kidogo, lakini Lenin, ambaye alikuwa mgonjwa, aliandika barua baada ya barua kuipinga, na mwezi wa Desemba sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kila mteja mkubwa wa Aschberg alikuwa ni serikali, mwenye mbao alikuwa ni serikali, mwenye reli alikuwa ni serikali, na aliyempa kibali cha kukaa Moscow alikuwa ni serikali hiyo hiyo. Benki ya kawaida humwambia mteja hapana pale mkopo usipofaa. Angemwambia nani hapana?

Tusidhani kwamba nchi za Magharibi zilimsifu kwa ujasiri wake. Huko aliitwa mwenye benki wa Wabolshevik. Wajumbe wa Marekani walimwandikia serikali yao taarifa za kumshuku, wakakumbusha kwamba jina lake lilikuwa katika orodha ya maadui wakati wa vita. Kwa hiyo Moscow alikuwa bepari, Stockholm na Washington alikuwa Mkomunisti. Yeye alijiona kuwa Msoshalisti mwenye kazi ya fedha, lakini hakuna aliyemwuliza anavyojiona.

Walakini kazi ilifanyika. Wageni waliotaka kununua au kuuza Urusi walipata mlango wa kugonga. Wahamiaji walioko Marekani, ambao kwa miaka hawakuwa na njia ya kuwapelekea wazazi wao dola, wakaipata njia. Mbao, kitani na manyoya vikatoka, mashine zikaingia. Naona jambo hili lafaa kutajwa kwa haki, maana katika vitabu vingi Aschberg ametajwa kama mtu wa hila tu. Bibi wa kijijini aliyepokea dola 10 za mwanawe hakuuliza mkuu wa benki ni mtu wa chama gani.

Katika saa zake za mapumziko alifanya jambo ambalo labda hakujua litamdumishia jina kuliko benki zake zote. Mwezi wa Februari 1922, kwa sababu ya ile njaa, serikali ilikuwa imeamuru makanisa yanyang'anywe vitu vya thamani. Fedha na dhahabu vilitwaliwa, na vitu vingine vikatawanyika. Watu waliokuwa matajiri zamani nao waliuza vya nyumbani ili wapate mkate. Hivyo katika masoko ya Moscow zikaonekana ikoni, yaani picha takatifu zinazochorwa juu ya mbao, nyingine zikiwa na umri wa miaka mia tatu au mia nne, zimelazwa chini karibu na masufuria na viatu vikuukuu. Aschberg, Myahudi asiyesali mbele ya picha, alizipenda. Alizinunua moja moja hata zikawa mamia, na alipoondoka akapata ruhusa ya kuzitoa nje ya nchi.

Aliondoka mapema kuliko alivyopanga. Mwisho wa mwaka 1923 upepo ulianza kugeuka. Polisi wa siri waliwafukuza kutoka Moscow wachuuzi wengi waliotajirika kwa Sera Mpya, wakisema ni watu wa hatari kwa jamii. Januari 1924 Lenin alikufa. Mwezi uliofuata Uingereza na Italia ziliitambua serikali ya Kisovieti, na Uswidi ikafuata mwezi wa Machi. Fedha mpya ilikuwa imesimama. Sasa jina la Moscow lilianza kukubaliwa lenyewe, na jina la kuazima halikuhitajiwa tena. Katika mwaka huo huo Aschberg alitolewa katika uongozi, hisa za wageni zikaingia mikononi mwa serikali, na Roskombank ikabadilishwa jina ikawa Benki ya Biashara ya Nje, kwa Kirusi Vneshtorgbank. Hakupigwa wala hakutiwa jela. Alikuwa amekwisha kazi yake tu, kama ngazi inayoondolewa mtu akishapanda.

Mwalimu wetu hakubaliani nami hapa. Yeye husema Aschberg hakuonewa, kwa sababu alijua tangu siku ya kwanza mwenye nyumba ni nani, na faida yake alikwisha kuipata. Huenda. Lakini mimi natazama pia waliokuwa upande wa pili wa meza, wale Wabolshevik wenyewe waliofanya kazi ya fedha. Sokolnikov, aliyeitengeneza chervonets, alishtakiwa katika kesi kubwa ya Moscow ya Januari 1937, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi, na mwaka 1939 akauawa gerezani. Aron Sheinman, aliyekuwa mkuu wa Benki ya Serikali, alikataa kurudi kwao mwaka 1929, akaishi ugenini mpaka akafia London mwaka 1944. Mgeni aliyefukuzwa mapema alikuwa na bahati kuliko wenyeji waliobaki.

Baada ya hapo Aschberg alihamia Ufaransa, akanunua nyumba kubwa huko Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Biashara na Warusi hakuiacha kabisa. Hitler alipotwaa Ujerumani mwaka 1933, wakimbizi wengi waliofika Paris walipata msaada kwake, miongoni mwao yule rafiki yake wa zamani, Münzenberg. Vita vya Hispania vilipotokea mwaka 1936 alikuwa upande wa serikali ya jamhuri, akatoa mali yake. Katika mwaka ule wa 1933 pia alifanya jambo la ajabu kwa mfanya biashara: alichukua ikoni zaidi ya 200 akazitoa bure kwa makumbusho ya taifa ya Uswidi, Nationalmuseum, mjini Stockholm.

Vita Kuu ya pili ilimkuta Ufaransa akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka 1940 wakuu wa Ufaransa walimkamata kama mgeni wa hatari, kwa sababu ya urafiki wake na Wakomunisti, wakamtia katika kambi ya Vernet, chini ya milima ya Pyrenees. Ilikuwa kambi mbaya ya mabanda ya mbao, yenye baridi na njaa. Mtu aliyewahi kupatanisha mkopo wa dola milioni 50 sasa alipanga foleni na bakuli mkononi. Wajerumani walipoishinda Ufaransa mwezi wa Juni, hatari yake iliongezeka mara mbili: alikuwa rafiki wa Wakomunisti, na alikuwa Myahudi. Katika mwaka ule ule Münzenberg alionekana amekufa msituni katika nchi hiyo hiyo, na mpaka leo watu hubishana kama alijiua au aliuawa. Aschberg alifunguliwa, akapata njia ya kutoka, na mwaka 1941 akafika Marekani.

Vita vilipokwisha alirudi kwao Uswidi. Ndipo alipoandika kumbukumbu zake, kuanzia mwaka 1946. Katika vitabu hivyo hakujidai kuwa mtakatifu, ingawa yapo mambo ambayo kila msomaji angetamani ayaeleze zaidi, hasa ya dhahabu. Alitoa tena ikoni nyingine kwa makumbusho yale, akafa tarehe 21 Aprili 1960, akiwa na miaka 82.

Benki aliyoianzisha Moscow ilimzidi umri. Iliendelea kwa jina la Vneshtorgbank ikiwa chombo cha serikali ya Kisovieti kwa biashara ya nje, na katika miaka ya mwisho ya themanini ikageuzwa tena na kupewa jina jingine. Ikoni zake bado ziko Stockholm, nazo huhesabiwa miongoni mwa makusanyo makubwa ya ikoni za Kirusi yaliyo nje ya Urusi. Kitabu nilichopewa kina picha ya moja ya ikoni za Kirusi, Mama na Mtoto, na rangi imebabuka pembeni mahali ambapo watu walikuwa wakibusu. Nilipomrudishia mwalimu kitabu aliniuliza habari za duka. Nilimjibu kwamba wadeni ni kumi na wawili, majina yao yamo katika daftari, na daftari liko wazi mezani kwa yeyote anayetaka kulisoma, mwanafunzi au mwalimu. Akatikisa kichwa, akanipa kitabu kingine.